Nani Humchagulia Kijana Kazi?

Msomaji, bila shaka umekwisha kuisikia methali isemayo kuwa mchagua nazi hupata koroma. Wazee walikuwa wakiitumia kumwonya kijana akataaye mchumba huyu na yule. Siku hizi aghalabu huitumia kumwonya mwanachuo asiyejua afanye kazi gani. Kijana yu katika mwaka wa pili au wa tatu wa chuo, karo imelipwa kwa shida, na akiulizwa atakuwa nani duniani huinamisha kichwa akachora mchangani kwa ncha ya kiatu. Basi huambiwa kuwa amedekezwa, kuwa simu imemla akili, kuwa vijana wa zamani hawakuwa hivi. Kisha hutupiwa methali ile ya nazi, na mazungumzo hukoma.

Mimi nimekaa na wakwezi wa minazi, nami nataka kuitetea nazi kabla ya kumtetea kijana. Mkwezi hachagui kwa bahati. Afikapo kileleni huligonga tunda akasikiliza. Dafu lina mlio wake, koroma lina wake, na nazi iliyokomaa ina wake. Hakuzaliwa anaijua milio hiyo. Aliizoea tangu utotoni, alipokuwa akiokota chini naye baba yake yu juu, akapewa nazi za kupasua, akakosea mara nyingi katika matunda yasiyokuwa na thamani kubwa. Apataye koroma ni yule aliyepandishwa mnazini siku moja, usiku, hajapata kugonga tunda hata moja, akaambiwa: Chagua upesi, watu wanangoja chini.

Hivyo ndivyo tuwafanyiavyo vijana wetu katika Kenya, halafu twawacheka kwa koroma walilolileta. Nasema kwa makusudi, nikijua kuwa baadhi ya walimu wenzangu hawatapenda, kwamba ugumu wanaouona wanachuo katika kuamua kazi yao ya maisha ni zao la shamba tulilolilima sisi watu wazima. Wao wana makosa yao, nami nitayafikia. Lakini hayo si ya kwanza wala si makubwa.

Yatazame maisha yako mwenyewe, ikiwa uko katika shule ya bweni. Kengele hukuamsha kabla ya alfajiri, kengele hukupeleka mezani, kengele hukurudisha darasani usiku, na kengele hukulaza. Nguo umechaguliwa. Chakula umechaguliwa, wajua Jumatatu italiwa nini hata muhula mwingine. Kitabu cha kusoma umechaguliwa, na jibu la swali katika kitabu hicho limechaguliwa pia, kwani mtahini analo moja tu analolikubali. Ukiishi hivyo miaka minne ukatii vizuri, husifiwa kuwa mwanafunzi bora. Kisha matokeo ya mtihani hutangazwa, na kwa ghafula wale wale waliokunyima ruhusa ya kuchagua upande wa kulaza mto wako hukutaka uchague, katika majuma machache, kazi ya miaka 40. Mtu asiyepewa nafasi ya kuamua jambo dogo hawezi kupata nguvu ya kuamua kubwa kwa sababu tu ametimiza miaka 18.

Tena huchagua kutoka katika nini? Mtoto wa kijijini au wa mtaani ameona kazi chache kwa macho yake. Amemwona mwalimu kila siku. Amemwona daktari alipougua, askari alipoogopa, na mhubiri au imamu siku ya ibada. Wakili amemwona katika televisheni akipaza sauti. Lakini hajapata kumwona mtu apimaye maji ya bomba kabla hayajafika kikombeni, wala akaguaye nguzo za daraja chini ya maji, wala atunzaye aina za mbegu zisipotee, wala aundaye mguu bandia kwa mtu aliyekatwa wake, wala apangaye katika bandari ya Kilindini ni kasha gani litoke melini kwanza ili meli isilale upande. Kazi hizi na nyingine nyingi zaendeshwa kila siku, na nchi ingesimama kama zingeachwa siku tatu. Walakini kwa kijana ni kama hazipo. Yeye hupewa orodha ndefu ya majina ya kozi, mengi yakifanana kama ndugu, na kila jina ni mlango uliofungwa. Huchagua mlango kwa rangi yake.

Twende sasa pale mahali penyewe pa kuchagua. Zamani wanafunzi walijaza karatasi zao shuleni kabla hata ya mtihani kufanywa, wakikisia alama watakazopata. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ikaleta shirika jipya la kuwagawia wanafunzi nafasi vyuoni, liitwalo KUCCPS, likachukua kazi ya bodi ya zamani. Siku hizi mwanafunzi huona matokeo yake kwanza, na hilo ni jema. Masomo yake manne yanayohusiana na kozi huhesabiwa, kila moja likiwa na alama zisizozidi 12, jumla 48. Kisha hupimwa pamoja na matokeo yake yote, na kozi zenye kugombewa sana huwa na kizingiti kirefu. Mashine hufanya hesabu hiyo kwa haki, nami sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na fikira iliyoota kando ya hesabu hiyo kama magugu, kwamba alama ni fedha, na mwenye fedha nyingi ni mjinga akinunua kitu cha bei ndogo. Umewasikia wakisema, "Usipoteze alama zako." Binti apendaye kulima, aliyepata alama za kumwingiza udaktari, huambiwa kuwa akienda kusoma kilimo atapoteza. Kupoteza nini? Akili yake haikupunguka. Maarifa yake ya biolojia hayakumwagika njiani. Kilichopotea ni fahari ya mjomba tu.

Basi mtoto huenda katika duka la kompyuta, lile ambalo watu huliita saiba, akakaa benchi pamoja na wenzake 10. Mwenye duka, kijana aliyemzidi miaka 5, humwuliza alama zake, akatazama kizingiti cha mwaka uliopita, akamwambia: Hii utaipata, hii hutaipata, weka hii. Kwa shilingi chache, na kwa dakika zisizotosha kunyoa nywele, maisha yamepangwa. Simlaumu mwenye duka; angalau yeye yupo. Mwalimu wa ushauri shuleni ana vipindi vyake vya kufundisha, ana madaftari ya kusahihisha, ana mamia ya wanafunzi wa kushauri, na kichwani hana habari ya kazi yoyote isipokuwa yake.

Nayajua haya kwa sababu mimi nilikuwa mwalimu huyo.

Alikuwako kijana mmoja katika darasa langu, mtoto wa fundi wa majahazi kutoka pwani ya kaskazini. Alijua mbao kwa kunusa. Akipewa vipande viwili vya mbao, aliweza kukuambia ni kipi kitakaa katika maji ya chumvi na kipi kitajipinda. Hesabu aliziweza vilevile, na mtihani ulipokuja alipata A ya kutoa. Shule nzima ilifurahi. Aliniuliza aende kusoma nini. Alikuwa akifikiria ujenzi wa vyombo vya baharini, lakini hakujua jambo hilo husomwa wapi, wala mimi sikujua. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilifungua orodha, nikatazama kizingiti kirefu alichoweza kukiruka, nikamwandikia kozi ya hesabu za bima, maana nilikuwa nimesikia kuwa ina mshahara. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Katika mwaka wake wa pili aliniandikia barua. Haikuwa na lawama, na hilo ndilo lililonichoma. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, watu wa kazi hii uliyonichagulia, wakifika asubuhi kazini, huanza kufanya nini?" Niliisoma barua ile mara nyingi. Nilikuwa nimemwelekeza mtoto wa watu katika njia ya miaka minne, pamoja na mkopo wa serikali atakaoulipa kwa jasho lake, nami sikuweza kulijibu swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeweza kuuliza. Aliahirisha masomo mwaka ule. Baba yake, aliyekuwa amekwisha kuwatangazia watu kuwa mwanawe ni msomi, hakumsemesha kwa muda mrefu.

Baba huyo nisimseme vibaya. Yafaa tukumbuke mzazi husimama wapi. Ameuza ng'ombe, au amekodisha shamba, au amekaa mbele ya mchango wa harambee akipokea noti za majirani huku ameinamisha uso. Kila noti ile ni macho yanayotazama. Mtoto hachagui peke yake. Anachagua mbele ya mkutano. Akisema anataka udaktari, mkutano hupiga makofi. Uhandisi, hupiga makofi. Sheria, hupiga makofi. Akisema anataka kutengeneza samani, kila mtu hutazama chini kana kwamba mtoto ametamka neno la aibu. Ndipo mwanachuo hujifunza kutotamka kitu. Ukimya ule tunaouita kutojua mara nyingi ni kujua kusikoweza kusemwa.

Lakini kwa nini mkutano huona aibu? Hapa hapana budi tuingie katika historia, maana aibu hii haikuota yenyewe. Mwaka 1909 Profesa Nelson Fraser aliiandikia serikali ya kikoloni taarifa juu ya elimu katika nchi hii, akashauri Mwafrika afundishwe kazi za mikono. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikasifu elimu ya kilimo na ufundi. Hata Makerere, ambayo wengi hudhani ilizaliwa na joho, ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Ushauri wenyewe, ukiutazama peke yake, haukuwa mbaya. Ubaya ulikuwa katika mizani. Mtoto wa mzungu hakuambiwa aridhike na randa. Mwafrika alielewa mara moja kuwa randa ile ilikusudiwa kumweka mahali pake, chini, na kuwa kalamu ndiyo iliyokuwa ikitoa amri. Akaikataa randa akaitaka kalamu, naye alifanya vyema. Ningalikuwapo, ningaliikataa pamoja naye.

Msiba ni kwamba mkoloni aliondoka mwaka 1963, nasi tukaendelea kuikataa randa kana kwamba yungali amesimama juu yetu ameishika. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa kijitabu kilichouliza, baada ya shule, nini? Swali hilo lilizaa vyuo vya ufundi vya vijiji. Vilikuwa wazo zuri, navyo vimewapa watu wengi riziki. Lakini tuliwapeleka huko wale tu waliokosa nafasi kwingine, na kwa kufanya hivyo tuliyageuza mafunzo kuwa adhabu. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, na ndani yake useremala, upishi, kilimo na ushonaji. Wazazi walichanga wakajenga karakana. Mimi nimeziona karakana hizo baadaye, zimefanywa bohari za madawati mabovu, maana kilichotahiniwa kwa ukali na kuheshimiwa kilikuwa kingine, na mapema katika miaka ya 2000 masomo mengi ya namna hiyo yakapunguzwa. Mwaka 2013 vyuo vyetu vikubwa vya ufundi vya Nairobi na Mombasa vikapandishwa vikawa vyuo vikuu. Tulishangilia. Sikumsikia mtu akiuliza kwa nini heshima ya chuo cha ufundi ni lazima ipatikane kwa kukiondolea jina lake la zamani.

Sasa tazama hesabu. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2024, watahiniwa walikuwa zaidi ya 960,000, nao waliopata C+ na zaidi, ambayo ndiyo alama ya chini ya kuingilia masomo ya shahada, walikuwa zaidi ya 246,000 kidogo. Maana yake ni kwamba watoto karibu watatu katika kila wanne walikuwa chini ya mstari. Kwa fikira zetu zilivyo, watatu hao wameambiwa kuwa wameanguka. Na yule mmoja aliye juu ya mstari? Huyo hachagui kazi. Anashikilia mstari kwa mikono yote miwili asije akashuka walipo wenzake. Mtu anayening'inia hana nafasi ya kutazama mandhari.

Tena heshima yenyewe tuliyomfukuzia imeanza kututoroka. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na jambo moja kubwa katika mgomo ule lilikuwa nafasi na malipo ya madaktari wanafunzi waliomaliza chuo, wasiopelekwa hospitalini kukamilisha mafunzo yao. Wale ndio watoto waliopigiwa makofi ya kwanza. Walimu waliohitimu wasioajiriwa ni wengi mno. Kila kijiji kina wake, na wengine wanaendesha bodaboda wakiwa na vyeti vyao sandukuni. Mzee humwambia kijana achague kazi ya uhakika, naye kijana humtazama kaka yake aliyechagua kazi ya uhakika, amekaa barazani mwaka wa tano. Kisha tunamshangaa kwa kusitasita! Mimi ningemshangaa asiyesitasita.

Kuna waganga wa pili waliokuja kuwatibu vijana, nao nawaogopa kuliko wa kwanza. Hawa husimama jukwaani wakiwa na kipaza sauti wakasema: Fuata moyo wako. Maneno ni matamu na hayagharimu kitu. Lakini moyo wa kijana wa miaka 18 unajua nini? Unajua ulichokionja, na tumekwisha kuona kuwa ulionjeshwa vichache. Mwanachuo akisikia hivyo hurudi chumbani akaupekua moyo wake, akitafuta humo sauti ya kumwita, na asipoisikia hudhani kuwa ana ila, kuwa wenzake wote wameitwa isipokuwa yeye. Nimewaona watu wengi wanaoipenda kazi yao. Wachache sana waliipenda kabla ya kuijua. Fundi wa majahazi niliyemtaja aliniambia, siku nilipokwenda kumwomba radhi, kuwa mwaka wake wa kwanza wa kazi alilia kila jioni kwa malengelenge ya viganja, akatamani kuwa mchuuzi wa samaki. Mapenzi yalikuja mkono ulipoanza kutii.

Niliahidi kuyafikia makosa ya vijana. Haya, yako matatu au manne, lakini nitalisema moja linalonikera. Wako wanachuo wafanyao kutojua kuwa mto wa kulalia. Mwaka wa kwanza hujui, ni haki. Mwaka wa tatu hujui, na likizo zote umezilala, hukuwahi kubisha hodi katika karakana, ofisi, maabara wala shamba la mtu hata mmoja ukaomba kusimama pembeni utazame. Hapo umesaidia kujinyima. Wengine hukimbilia shahada ya pili ili uamuzi usogezwe mbele miaka miwili. Hodi haihitaji karo. Wapo watakaokufukuza, kweli, na mara nyingi ni wale wenye kazi ndogo na meza kubwa. Lakini mafundi, wauguzi, wapima ardhi, wahariri, mabaharia na wakulima niliopata kuwaendea na wanafunzi, wengi wao walifurahi kupita kiasi kwa kuwa hapana mtu aliyewahi kuwauliza juu ya kazi yao.

Yako pia makosa ambayo tumewatia vijana kichwani wakayaamini, la kwanza likiwa hili, kwamba chaguo hufanywa mara moja na mlango hufungwa nyuma yako. Wangari Maathai alisoma biolojia Kansas huko Marekani, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1964. Mwaka 1971 alipata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akafundisha huko muundo wa miili ya wanyama. Mwaka 1977 alianza kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa mashambani. Mwaka 2002 alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ungalimwuliza msichana yule wa Kansas atakuwa nani, jibu gani angalilitoa? Shaaban Robert, ambaye Kiswahili cha insha kina deni kubwa kwake, alikula mshahara wa karani wa forodha miaka mingi. Hao hawakupotea njia. Walitembea wakaona mbali zaidi kila walipofika mahali pa juu. Lakini fomu zetu, na hofu zetu, na karo zetu zisizorudishwa, humwambia kijana kuwa akikosea hatua moja ameangamia. Na mtu aliyeambiwa hivyo husimama asiende popote.

Labda utaniambia, msomaji, kuwa ninapigana na mfumo unaokufa. Mtaala mpya wa umilisi ulianza kuenezwa nchini mwaka 2019 katika madarasa ya chini, na Januari 2026 kundi lake la kwanza likaingia Darasa la Kumi. Huko mwanafunzi hufuata mojawapo ya njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Nia yake ni nzuri, nami naiombea heri. Lakini natetemeka kidogo. Tulikuwa tukimtaka kijana wa miaka 18 achague bila kuona. Sasa twamtaka wa miaka 15. Si kila shule ina njia zote tatu, na mtoto aliye karibu na shule yenye mbili amekwisha kuchaguliwa na barabara. Na tayari nimewasikia wazazi wakiipanga ile njia ya kwanza juu, ya pili katikati, na ya tatu chini, kama walivyopanga kalamu na randa. Ugonjwa ni ule ule. Umebadilisha kitanda, ukaingia katika kitanda cha mtoto mdogo zaidi.

Nataka mambo machache, nami nayataka kwa sauti. Nataka shule imtoe kila mwanafunzi nje ya lango lake, si kwa safari ya basi ya kupigia picha, bali siku tano mfululizo pembeni ya mtu anayefanya kazi, kila mwaka, kuanzia kidato cha chini. Nataka siku hizo ziwe na uzito katika ratiba kama ulivyo mtihani wa majaribio, ambao tunawapa watoto mara nyingi hata wanaota nambari. Nataka mwalimu wa ushauri apunguziwe vipindi au asiitwe mwalimu wa ushauri. Nataka vyuo vimruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhama kozi bila kupigwa danadana kati ya madirisha sita. Na nataka mzazi, kabla ya kusema neno juu ya kozi, ajiulize lile swali la asubuhi: watu hawa wakifika kazini huanza na nini? Asipojua, anyamaze mpaka aende kuuliza. Mimi ningalinyamaza, ningalimwokolea kijana wa watu miaka miwili.

Mwaka jana msichana wa Kidato cha Tatu alinijia akiwa na jina la kozi midomoni: upimaji wa ardhi. Binamu yake alimwambia kuwa wapimaji hutajirika. Safari hii sikufungua orodha yoyote. Nilimwambia sijui, twende. Tulipata ruhusa ya mama yake, tukatafuta mpimaji mmoja aliyekuwa akigawa shamba la urithi lenye ndugu saba wasiosalimiana. Binti alishika fimbo ya kupimia kutoka saa mbili asubuhi. Alichomwa na miiba, akatafuta jiwe la mpaka lililofukiwa makusudi, akasikiliza matusi ya ndugu wawili, akamwona mpimaji akirudia hesabu moja mara nne chini ya mwembe. Saa kumi jioni alikaa juu ya gogo akavua viatu. Nilimwuliza aonaje. Alifikiri, akasema jua hakulijali, wala miiba, wala hesabu. Ila kazi ya kusimama kati ya ndugu wanaochukiana hataiweza kila siku. Akauliza kama wako watu wachorao ramani bila kugawa urithi. Mpimaji akacheka, akafuta jasho, akamwandikia jina la ofisi katika kipande cha karatasi, na Jumatatu iliyofuata tukaenda kubisha hodi huko.